Taarifa Ndani ya Gunia la Simsim

Niliitwa Kampala kwa sababu ya sauti yangu. Sijisifu, sina kingine cha kuitiwa. Hapa Tanga mnanijua kwa matangazo ya harusi na misiba, na kwa ubishi wangu juu ya Kiswahili cha wenzetu wa bara. Sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoiomba Zuhura, rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Zuhura ni mzaliwa wa Kampala, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walipanda kutoka pwani na bidhaa, wakanogewa, wakasahau kurudi. Anafanya kazi katika shirika dogo linalopiga kelele ili mabomu yaliyobaki ardhini baada ya vita yatolewe, hasa kaskazini mwa Uganda, ambako watu wamerudi kulima na bado kuna mashamba yenye vyuma vya kuua. Nililiandika tangazo mwenyewe, nikalisoma kwenye simu chumbani kwangu, madirisha nimeyafunga kuzuia kelele za kuku, nikalituma. Likarushwa redioni, likasambazwa kwenye simu za watu. Zuhura akaniambia, njoo basi turekodi mengine studio, na uwaone hao unaozungumza nao.

Nilikwenda na kichwa kikubwa. Semeni mtakavyo, mtu akiombwa Kiswahili chake nchi nyingine hawezi kupanda basi kama abiria wa kawaida.

Horohoro tulivuka asubuhi, Mombasa tukabadilisha basi, na Nairobi nilipita nikiwa nimelala, kwa hiyo msiniulize habari zake. Malaba, mpakani, ofisa alinitazama, akatazama pasipoti, akauliza nakwenda kufanya nini Uganda. Nikamwambia nakwenda kuzungumza. "Hapa tuko na watu ya kuzungumza mingi sana," akasema, akagonga muhuri.

Baada ya Jinja barabara inaingia katika msitu wa Mabira, na ukitoka humo wauzaji wanalizingira basi na gonja, ndizi tamu zilizochomwa, wanazipenyeza madirishani hata hujaamua kama una njaa. Nilikula nikaunguza ulimi. Kufika Kampala nikawa naongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na Zuhura alicheka mpaka akalegea pale pale kituoni. "Ndiyo sauti niliyoisubiri hii?" akauliza.

Anakaa Kansanga, nyumba ya nyuma katika kiwanja chenye wapangaji kadhaa, hatua chache kutoka barabara ya Ggaba. Jioni ya kwanza tulitembea hadi Kabalagala kununua mkate na maziwa, tukipita kati ya mabaa yaliyokuwa yanaanza kuchangamka. Dukani niliagiza mimi, kwa Kiswahili changu chote. Mama muuzaji, aliyekuwa ameegemea kaunta anachati, akasimama wima, akaleta vitu mbio, akanirudishia chenji kwa mikono miwili bila kuniangalia usoni. Nikamwambia Zuhura, umeona lugha inavyoheshimiwa. Hakucheka.

"Siyo heshima, Mwana," alisema tulipotoka. "Huku watu wengi Kiswahili walikisikia kwa askari, kwenye kizuizi. Mtu akiongea nao Kiswahili wanatii kwanza. Kuuliza baadaye, kama watauliza kabisa."

Nilimjibu kwamba mimi na askari wapi na wapi, tukaendelea na safari yetu.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa uani tunakunywa chai, sigiri ya mkaa mbele yetu, chapati juu yake. Akello, jirani wa mlango wa pili, akaja na baba yake kunisalimia. Akello amekulia katika kambi ya waliokimbia vita, iliyolindwa na askari, mumewe ni polisi, na mtoto wake mdogo anabembelezwa kwa Kiswahili hicho hicho ambacho muuzaji wa Kabalagala anakiogopa. Baba yake, mzee Okot, alikuwa amefika alfajiri kwa basi kutoka kaskazini. Mrefu, mwembamba, koti amelifunga vifungo vyote. Mkononi alibeba gunia dogo, na alilibeba kwa mikono miwili kifuani namna mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Akaliweka chini taratibu, karibu na sigiri, ndipo akanipa mkono.

"Huyu ndiye mama ya radio," Akello akamwambia. Kisha kwangu: "Mzee ameleta ile kitu. Ile taarifa."

Nilifurahi. Nilidhani ni maelezo ameandika, pengine mchoro wa shamba. Nikamwambia karibu mzee, ahsante sana, taarifa yako ni muhimu mno. Akatabasamu, akainama, akafungua mdomo wa gunia. Zilionekana simsim, zile mbegu ndogo tunazoziita ufuta. Akazipangua kwa vidole, na katikati yake kikatokeza chuma chenye kutu, chenye mkia wa mapezi.

Zuhura aliweka kikombe chini. "Mzee, toa mkono wako polepole," alisema. "Usiguse tena. Sasa wote tunasimama, tunatoka, bila kukimbia."

"Niitoe nje?" mzee akauliza kwa adabu. "Naweza."

"Hapana, baba. Iache hapo."

Niliogopa jinsi sijapata kuogopa. Nilitazama makaa yakiwaka jirani na lile gunia, na nikatazama mlango wa Akello, maana ndani mtoto alikuwa amelala. Akello naye alikuwa ameshaelewa. Aliingia akitembea, akatoka akitembea, mtoto begani, machozi yanamtiririka bila sauti. Tukagonga milango ya wapangaji mmoja mmoja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki yake akauliza kuna nini, na Zuhura akamwambia. "Hatali," akasema, akaiacha pikipiki na ndoo yake, akatoka nasi mpaka barabarani, kisha akasaidia kuzuia watu wasiingie.

Hapo barabarani, tukiwangojea wataalamu wa mabomu wa polisi, ndipo nilipomuuliza Akello nani alimwambia mzee achukue bomu alete mjini. Sauti yangu ilikuwa kali. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ni wewe," alisema.

Akatoa simu akaweka tangazo langu. Nikajisikia, laini, nimepanga pumzi vizuri: *Ukikuta masalia ya vita, usiyachezee. Leta taarifa katika ofisi iliyo karibu nawe.*

"Hii neno taarifa sisi hatuna," Akello akasema. "Sisi tunasema lipoti, ama habari. Mi nikafikiri taarifa ni jina ya ile chuma kwa Kiswahili ya Tanzania. Nikapigia baba nikamwambia, wanasema usicheze nayo, ulete."

Mzee Okot alikuwa anasikiliza. "Mi sikucheza nayo," alisema. "Hata kidogo. Nilizungusha simsim ili isigonge. Nilikaa nayo hapa," akagusa mapaja yake, "mpaka Kampala. Sikulala."

Sina namna ya kuwaeleza nilivyojisikia. Lile neno nililichagua mwenyewe. Zuhura aliwahi kuniuliza kama si zito, nikamwambia tusiwashushe watu, wanaelewa. Basi zima la watu, wanawake na watoto wao, lilisafiri na bomu kwa sababu neno langu lilipendeza masikioni mwangu. Nikakaa ukingoni mwa mtaro nikalia, na mzee wa watu ndiye aliyekuja kunipa pole.

Wataalamu walifika na gari lenye sanduku la mchanga. Waliingia, wakakaa sana, wakatoka nalo. Mkubwa wao alikuwa amevaa kiraia. Alimwita mzee pembeni, na Akello akawafuata hatua kwa hatua, maana mke wa polisi anajua mtu aliyesafiri na bomu katikati ya watu anaweza kuishia wapi. Tukaambiwa tufuate ofisini, upande wa Lubaga.

Lubaga tulikaa kwenye benchi la korido tukisikia kengele za kanisa kuu juu ya kilima. Zuhura alisema hatoki bila mzee, nami nikasema hivyo hivyo, ingawa sikujua ningefanya nini. Hatimaye tuliitwa ndani sote.

"Mzee," afande, yule mkubwa wa wataalamu, alikuwa anasema, "wewe nakuja na bomu kwa basi. Ingelipuka, watu ngapi wangekufa? Unajua hiyo ni kesi?"

"Najua, afande."

"Kwa nini hukupiga simu?"

Mzee alivuta koti lake, akakaa sawasawa. Alikuwa na Kiswahili kichache na alikitumia chote. "Nilipiga. Bibi yangu, mama ya Akello, aliona ya kwanza wakati ya kupanda. Nikapiga. Wakasema watakuja. Tukaacha kulima. Msimu ikapita. Nikapiga tena, wakasema watakuja. Mtoto ya ndugu yangu akasema njaa ni mbaya kuliko chuma, akaingia na jembe. Saa hii hana mguu. Nikapiga tena. Nyinyi hamkuja, afande. Sasa mimi nimeileta."

Afande alishika kalamu akaiachia. Nje kengele zilikuwa zimenyamaza. Akasema, kwa sauti nyingine, kwamba kuna foleni, kwamba magari ni machache, kwamba kila familia inasema shamba lake ndilo la kwanza. Zuhura akamkumbusha kwa upole kwamba shirika lake limekuwa likiiandikia ofisi hiyo kuhusu kijiji hicho hicho. Hakubisha. Kuhusu kesi alisema, "Hiyo naiacha. Lakini mzee, usirudie."

Mchana ule tulikwenda studio kubadilisha tangazo, na afande akaja nasi, maana sasa alitaka kusikia kila neno kabla halijatoka. Nilimpa Akello karatasi yangu. Alikata, akakata, na kila alipokata nilisikia maumivu kidogo, siwafichi. Masalia yakaenda. Taarifa ikaenda. *Usiguse. Usibebe. Iache hapo hapo. Piga simu. Sisi ndiyo tutakuja.* Nilitaka kusema "ndio" badala ya "ndiyo", kisha nikaufunga mdomo wangu.

Nilivaa vifaa vya masikioni. Mzee Okot alikuwa upande wa pili wa kioo, amekaa kwenye kiti, mikono magotini. Nikafika kwenye sentensi ya mwisho, nikashindwa kuitamka. Nikavivua vile vifaa nikatoka.

"Afande," nikasema, "nikisema tutakuja, ni kweli?"

"Sema tu. Ni tangazo."

"Hapana. Sauti ni yangu. Ya asubuhi yametosha. Huyu mzee atanisikia, na akinisikia anatii, nimeshaliona hilo. Mnakwenda lini kwake?"

Zuhura alinikanyaga mguu. Afande alinitazama nikadhani sasa zamu yangu imefika ya kukalia benchi la Lubaga. Kisha akamtazama mzee, ambaye hakuwa ameomba kitu, wala hakuonekana kama mtu anayetarajia. Akatoka koridoni na simu yake. Tulimsikia akiongea Luganda, akipandisha sauti, akishusha, akicheka mara moja kicheko kisicho na raha. Aliporudi alisema kuna timu inayoelekea kaskazini kesho yake asubuhi, na kwamba ataigeuza ipitie kijijini.

"Mzee atakwenda nao," akasema. "Awaonyeshe."

"Basi mimi nitarekodi kesho," nikasema.

Kesho yake tulimsindikiza. Gari lilisimama mbele ya kituo cha mafuta Kansanga, na wale vijana wakataka kumweka mzee kiti cha mbele. Alikataa, wakamlazimisha. Akello alimfungia mkanda, akamwekea mkate na chupa ya chai mapajani. Lilipopotea kwenye kona nilikwenda studio moja kwa moja, nikakaa, nikasema yale maneno yote mpaka la mwisho, mara moja tu, na fundi mitambo akasema hahitaji marudio.

Nilikaa Kampala siku kadhaa zaidi. Nilijifunza kuagiza maziwa kwa kuanza na salamu ya Kiganda na tabasamu, Kiswahili kikifuata nyuma pole pole, na yule mama wa Kabalagala siku moja akaniuliza nimetoka wapi. Tuliongea mpaka mkate ukaliwa na mainzi.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na nilikuwa na mengi ya kuwaza. Miaka yote nimejali neno liwe sahihi na litamkwe vizuri. Sasa najua kuna swali la kwanza kabla ya hayo, nalo ni nani atanyanyuka aende baada ya neno kusemwa. Watu wa kule hawakukosa matangazo. Walikosa watu wa kufika. Kama kuna anayenisoma mwenye gari, mwenye vifaa, mwenye mamlaka ya kusaini, nampigia magoti: waendeeni.

Malaba, tukiwa kwenye mstari wa kugongewa mihuri, Akello alinipigia. Timu ilikuwa shambani. Walikuwa wameweka vijiti vyekundu, na jioni iliyotangulia walilipua chuma kimoja, kijiji kizima kikishangilia kutoka mbali. Kazi ingechukua muda, alisema, hawakujua kiasi gani, na wamewakataza wanakijiji kuingia na jembe mpaka watakaporuhusiwa.

"Mzee anasemaje?" nikauliza. "Msimu mwingine si utampita?"

"Utampita," alisema Akello. "Lakini halalamiki. Amechukua kiti yake, amekaa mbali vile walimwambia, anawaangalia wakifanya kazi. Anasema kungoja watu wenye wameshafika siyo ngumu."