Kivumbasi cha Tuta la Tatu

Nilipoolewa Machakos, miaka ya tisini, sikuwa nimewahi kukutana na mtu mwenye roho ngumu kama mama mkwe wangu. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi, na dada zangu kule kwetu Voi walichoka kuyasikia. Alikuwa na dawa ya mafua na kikohozi iliyosifiwa kijiji kizima: chai ya kivumbasi, kile kichaka chenye harufu kali ambacho Wakamba hukiita mutaa. Na dawa yenyewe sikuwa na neno. Kilichoniudhi ni kwamba mgonjwa alitakiwa aende kuchuma majani mwenyewe.

Kichaka kilikuwa kwenye tuta la tatu chini ya nyumba. Shamba lilikuwa mtelemko mtupu, limekatwa matuta kama ngazi. Kwenda ni kushuka tu, kurudi ndiyo kazi. Mara ya kwanza nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nina homa na kichwa kinagonga, nikidhani nitaletewa kikombe kitandani. Akanipa kibakuli cha bati.

"Mwaitu, mimi ni mgonjwa," nikamwambia. Huko mama huitwa hivyo kwa heshima.

"Najua. Si uko na miguu?"

Nilishuka nikinung'unika. Yeye alisimama mlangoni pa jikoni akinitazama mpaka niliporudi nikihema. Ndipo akatia majani kwenye maji yanayochemka pamoja na tangawizi, akafunika sufuria, na hakumruhusu mtu kufunua mpaka aliporidhika. Asali ilikuja mwisho. Niseme ukweli, ile chai ilikuwa nzuri. Nilitoka jasho, nikalala, na kesho yake nikaamka nikafua nguo. Hilo nalo liliniudhi.

Mwaka baada ya mwaka ilikuwa hivyo hivyo. Mume wangu akija likizo kutoka kazini Athi River, akikohoa, anapewa kibakuli. Hata binti yetu alikipokea, tena kwa furaha, akishuka mbio na kupanda mbio huku makamasi yakimtiririka.

Asubuhi moja ya Julai, wakati baridi ya kule haina mchezo, binti huyo, akiwa na miaka mitano, aliamka anakohoa, mwili moto. Nikachukua kibakuli niende mimi. Mama mkwe akanishika mkono.

"Acha aende."

"Lakini ni mtoto, Mwaitu."

"Hata mimi naona ni mtoto. Acha aende."

Moyoni nilimtukana, Mungu anisamehe. Mtoto alishuka tuta la kwanza polepole. Kwenye la pili akaketi chini. Hakulia, aliketi tu, kibakuli mapajani. Nilipogeuka kumfokea mama mkwe, hakuwa mlangoni. Alikuwa ameshaepua sufuria na kumwaga maji yote nje, anafunga leso kiunoni.

"Huyu si wa chai," akasema. "Mbebe."

Halafu akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alienda kwa jirani mwenye pikapu, na kabla jua halijawa kali tulikuwa hospitalini mjini. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba tumefanya vyema kuwahi.

Tuliketi kwenye benchi, mtoto ameshapewa dawa, ndipo nikamuuliza alijuaje.

"Mimi huangalia vile mtu anapanda," akajibu. "Akipanda, huyo ni wa chai. Akishindwa, ni wa daktari. Chai yangu naijua mwisho wake."

Nilitazama sakafu kwa aibu. Miaka yote ile mwanamke huyu alikuwa akinipima, nami nikimtangaza Voi nzima kuwa hana huruma. Tangu siku hiyo nilimpenda kama mama yangu mzazi, na kile kibakuli nikakiheshimu.

Binti alipokuwa sekondari, likizo moja ya Desemba, mama mkwe alishikwa na kikohozi. Alisema ni vumbi tu. Siku ya tatu nikabandika maji, nikampelekea kibakuli pale alipoketi, nikamtania, "Mwaitu, si uko na miguu?"

Alicheka kidogo. Akautazama mlango kwa muda, kisha akanirudishia kibakuli.

"Leo nichumie wewe," akasema.

Nikaenda jikoni, nikamwaga maji yote. Nikafunga leso kiunoni, nikakimbia kwa jirani.