Chapa kwenye Ngoma ya Baba

Kuivalisha ngozi mpya ngoma ya marehemu baba kulinigharimu shilingi elfu sitini na tano. Nimejumlisha mara mbili, jibu ni lile lile.

Ngozi ya zamani ilipasuka, na kwaya ya kigango chetu hapa Ifakara haina ngoma nyingine kubwa. Nikaenda kwa muuza ngozi sokoni. Aliyonitolea ilikuwa na kovu la chapa, ile wanayompiga ng'ombe kwa chuma cha moto.

"Hii ina kidonda. Punguza."

"Bwana, unataka kuipiga au kuioa?"

Alipunguza. Niliondoka nikijiona mjanja.

Fundi wa Idete aliiloweka, akaikwangua manyoya, akaiwamba na kuibana kwa vijiti pembeni. Kovu likaangukia katikati kabisa. Akasema ni sawa tu, ngoma haina uso wa kuonea aibu.

Jumapili ya kwanza ilinguruma vizuri. Baada ya misa aliingia mfugaji wa Kisukuma, jirani yetu wa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngoma, akapitisha kidole juu ya kovu.

"Huyu ni dume langu."

"Alikuwa," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Dume hilo liliibwa mwaka jana. Lilikuwa lake na kaka yake aliyeko Masagati, na kaka anashikilia kwamba huyu jirani kaliuza mnadani akala hela peke yake. Sasa hawazikani. Nikamtajia fidia, bei ya kuanzia.

"Sitaki hela, mzee. Nikimpelekea hela si atasema ndiyo hizo nilizouzia? Nataka aiguse chapa kwa mkono wake, ajue mwizi alilichinja huku huku, halikufika mnadani."

"Tumpigie picha."

"Picha! Kwenye simu siku hizi hata mbuzi anavaa suti."

Nilimuuliza fundi kama ngozi inaweza kuvuliwa ikarudishwa. Alisema ikishakauka kwenye mzinga wake wa mti, ukiivua umeiua. Basi iende ngoma nzima hadi Masagati, kwa barabara ile, na mvua hizi. Muuza ngozi naye haonekani sokoni.

Kesho jirani anakuja na pikipiki na kamba. Jumapili ni misa ya kumkumbuka baba. Ninyi mliowahi kuazimisha kitu cha marehemu, nishaurini: nimpe aende nayo, au nipande nayo mimi mwenyewe? Na nauli, kwa haki kabisa, alipe nani?