Mkeka Uliochomwa Ruiru

Aliyenivunja mgongo ni supavaiza wa kiwanda cha nguo hapa Ruiru. Lifti ya mizigo iliharibika, akatuamuru wanawake tubebe marobota ya vitambaa kwa ngazi. Nikateleza, robota likanifuata. Akawaambia wakubwa nilianguka nikicheza. Sijamsamehe.

Mikono ikakataa kupanda. Hata kitambaa cha kichwa nilifungwa na jirani. Daktari wa viungo akanituma Thika, kwa mama mzee wa Kihindi anayefundisha yoga nyuma ya duka la familia yake.

"Yoga ni nini, mama?"

"Umeona ng'ombe wakifungwa nira?"

Nimeona. Baba aliendesha mkokoteni wa ng'ombe kwenye shamba la kahawa.

"Basi ndiyo hiyo. Neno la zamani sana, la India, kabla ya babu wa babu zetu. Mwili ng'ombe mmoja, pumzi wa pili, wavute pamoja. Wako mmoja amelala barabarani."

Nikacheka, mbavu zikaniuma.

Alinifundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni, kukunja mgongo kama paka. Mwisho unalala chali, kimya. Mkao huo wanauita maiti. Usingizi ukarudi. Mikono ikaanza kupanda, polepole, mpaka nikajifunga kitambaa mwenyewe.

Sasa, mimi ni mjane bila mtoto. Watakaonizika ni akina mama wa kanisa. Walipokuja kunitembelea wakanikuta kwa mkeka, chali, macho yamefungwa. Wakamwita pasta.

"Mama, hii ni kuabudu shetani."

"Shetani ndiye ananiinua, pasta?"

"Mnasikia vile anajibu?" akawaambia.

Akaumwagia mkeka mafuta ya upako, akaniamuru niuchome. Nikauchoma mwenyewe pale uani kwa ploti, majirani wakitazama. Niliogopa kuzikwa kama mbwa. Lakini niliendelea, juu ya blanketi, mlango nimeufunga.

Jumapili moja tukiimba kanisani nikasahau kuficha kwamba nimepona, nikainua mikono yote miwili. Pasta akanivuta mbele.

"Mnaona kazi ya mafuta? Mama, toa ushuhuda."

Nikashika maikrofoni. Akina mama walikuwa wananitabasamia tena, na nilijua neno walilotaka.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mikono hii imenyooshwa na yule mama Mhindi wa Thika."

Maikrofoni ikazimwa.

Ni pasta aliyeizima, kwa mkono wake. Tangu hapo hakuna mama wa kanisa amenibishia hodi. Kila asubuhi natandika blanketi, navuta pumzi, napinda, halafu nalala ile maiti. Mlango siufungi tena. Nani ataingia?