Mwalimu Aliyemtaka Dada Yangu

Mwalimu wetu pale kambini Nakivale alikuwa binti wa Kiislamu, mtoto wa muuza vitambaa wa Mbarara. Angeweza kukaa dukani kwa baba yake, lakini alichagua kuja kutufundisha sisi watoto wa wakimbizi.

Dada yangu alipofika darasa la mwisho, mwalimu alitupandisha lori la maziwa akatupeleka mjini kutazama filamu. Ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi, ya mwanamke aliyefundisha watoto wa wachimba makaa ya mawe. Watu wazima walimcheka, lakini hakuacha, na mwanafunzi wake mmoja akafika chuo kikuu. Kiingereza kilitupita kwa kasi, kwa hiyo mwalimu alisimama kando ya shuka lililotundikwa ukutani, akatueleza kwa Kiswahili mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake alikuja kwetu. Baba alikuwa akikamua.

"Mzee, huyu atafaulu. Akifaulu, nipe akae kwetu Mbarara asome sekondari."

"Kuna watu wamekwisha kumposa, mwalimu."

"Basi nitarudi."

Alirudi mara nyingi, hata baba akalegea: "Matokeo yakitoka, tutazungumza."

Dada alifaulu. Lakini msimu ule watu wa asili yetu waliokaa nje ya kambi walifukuzwa vijijini mwao, wakamiminika Nakivale na ng'ombe wachache tu waliowabakia. Darasa letu likawa makazi yao. Baba aliwatazama wale mabinti waliolala juu ya madawati, akaingiwa na hofu kwamba binti yake naye angebaki hivyo, bila mume wala makao. Kabla sekondari hazijafunguliwa, akamwoza dada.

Mwalimu alikuja kumchukua, amembebea sare mpya. Mama alimweleza. Mwalimu akakaa chini palepale mlangoni.

"Nimechelewa," alisema.

"Hukuchelewa, mwanangu," mama akamjibu. "Sisi ndio tuliokuwa na haraka."

Mwalimu alimaliza muhula, akarudi kwao. Sikumwona tena.

Miaka michache baadaye baba aliugua, tukamlaza hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara. Daktari alikuwa mgeni, hajui lugha yetu. Dada, mtoto mgongoni, alimjibu kila swali kwa Kiingereza kile alichofundishwa na mwalimu, taratibu, bila kubabaika. Daktari alipoondoka, baba alimgeukia dada.

"Leo ungekuwa wewe ndiye daktari unayeuliza," alisema.

Dada alivuta blanketi, akamfunika miguu.