Tawi Lililofutwa Vumbi

Ghala la mbegu limekuwa kimya tangu shangazi aondoke. Zamani ungemsikia ukiwa bado mlangoni: ka! ka! Alikuwa akibangua mbegu kwa meno, chache kutoka kila gunia, aone kama zina kiini. Wenzake pale kwenye kitalu cha miche walimwita Panya.

Mwaka mmoja mbegu za mti fulani wa msituni zilitoka makapi matupu. Shangazi akamvaa shemeji yake, mtunza ghala.

"Shemeji, umeziozesha kwa unyevu!"

"Mbegu ikioza hunuka, Panya. Hizi zimezaliwa tupu, kama kichwa chako."

Mkuu wa kitalu hakucheka. Alisema msimu ujao zikiwa makapi tena, mti huo hautaoteshwa tena pale. Shangazi alinuna, kisha akaenda kujionea mwenyewe.

Mti mama ulisimama ukingoni mwa msitu, juu ya barabara ya malori ya saruji. Majani yake yalikuwa kama yamenyunyiziwa unga. Ulikuwa umechanua kabla ya mvua, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Akavuta ua karibu na jicho. Ncha yake, pale chavua inaponasa, ilikuwa imegandwa na vumbi.

"Sasa nyuki atatua wapi mzigo wake?" akajiuliza.

Akachagua tawi moja. Kila asubuhi alipanda na maji na kitambaa laini, akaosha majani na kupangusa maua yake.

"Mama, unauogesha mti?" dereva mmoja alimpigia kelele. "Usisahau kuupaka mafuta!"

"Shuka basi nianze na wewe, maana kwa vumbi hutofautiani nao!"

Mbegu zilipokomaa, alizibangua akiwa kulekule juu. Matawi mengine yalikuwa na makapi. Lile moja lilimpa kiganja cha mbegu zenye kiini, ingawa maua yake mengi nayo yalianguka bure. Shemeji alipompongeza, alitikisa kichwa.

"Vumbi ni nusu tu, shemeji. Maua yamewahi, nyuki wamechelewa. Nani kawavuruga, joto au mvua?"

Mbegu zile ziliota, na mkuu akaruhusu mti wa aina ile uendelee kuoteshwa kitaluni. Swali la shangazi halikuota jibu pale chini kitaluni.

Siku hizi anaishi kambi ya walinzi wa msitu, juu mlimani ambako malori hayafiki, akiangalia miti ya aina ileile inachanua lini na nyuki wanafika lini.