Maji Yasiyonuka

Dada yangu alipokuwa mjamzito, maji ya bomba pale alipopanga Moshi mjini yalianza kunuka dawa. Fundi aliyepita mtaani alisema ni dawa ya kuua vijidudu, haina shida. Bibi yetu, kule Masama, hakuafiki. Mtoto, alisema, hanyweshwi dawa kabla hajaumwa. Tangu hapo kila Jumamosi nilipanda kwake na kurudi na madumu mawili ya maji ya mfongo, ule mfereji wa mababu unaoshuka toka mlimani na kupita katikati ya migomba yake. Yalikuwa baridi, hayana harufu. Dada aliyanywa akiwa amefumba macho.

Jumamosi moja nilimkuta baba mdogo akipulizia kahawa, pampu mgongoni, majani yote yana madoa ya buluu. Alipomaliza aliteremka hadi kwenye mfongo, juu kidogo ya pale nilipozoea kuchota, akasuuza pampu. Maji yakageuka buluu, kama yameona haya, kisha yakatakata. Kutakata huko ndiko kulikonitisha. Ningechelewa kidogo tu, nisingejua.

Nilimuuliza anamwaga nini.

"Dawa tu," akacheka. "Ingekuwa sumu ningeipaka kahawa yangu?"

Dawa. Ile ya mjini tuliikimbia kwa kuwa inanuka. Hii tuliibeba wenyewe.

Nilimweleza Bibi nilichoona. Hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na kata tupu ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, akachota maji pale pale ninapochota mimi, akampa mwanawe. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone haikutiwa kitu.

"Onja, mwanangu. Halafu tumpelekee mjamzito."

Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Alisema ametoka kunywa chai sasa hivi.

"Chai haizuii maji," Bibi akasema.

Baba mdogo akainama, akaiweka kata juu ya jiwe, taratibu, bila kumwaga hata tone.

Nilimpigia dada simu nikiwa bado shambani. Nikamwambia asiyaguse yaliyobaki kwenye dumu. Aliuliza kama sasa arudie ya bomba, nikasema sijui. Kisha akauliza:

"Na yale niliyokwisha kunywa?"