Ndoo Nne kwa Kila Chumba

Nyumba tuliyopanga Mbagala ilikuwa na vyumba sita, bomba moja uani, na maji mara mbili kwa wiki. Siku ya maji, ndoo zilipangwa foleni tangu alfajiri, wenyewe wakarudi kulala. Ugomvi ulianzia hapo, maana ndoo haiwezi kujitetea ikisogezwa nyuma. Kila mwamba ngozi alivutia kwake.

Kwa kuwa nafundisha uraia sekondari, wapangaji wenzangu waliniomba nitunge utaratibu. Sikusita. Nimefundisha usawa miaka mingi na nilikuwa sijapata pa kuujaribu. Nikabandika karatasi ukutani juu ya bomba: kila chumba ndoo nne, hakuna upendeleo. Ugomvi ulikwisha siku hiyohiyo. Kwa wiki kadhaa nilitembea uani kifua mbele.

Chumba changu kilikuwa na mtu mmoja, yaani mimi. Ndoo tatu zilinitosha. Ya nne nilimwagilia mchaichai. Chumba cha mwisho aliishi dada mmoja muuza vitumbua, watoto wake wanne, na mama yake aliyeletwa kutoka Lindi baada ya kupooza. Yule dada alinifuata mara moja tu.

"Mwalimu, sie tuko sita, na bibi ndo hivyo, wa kitandani."

"Dada, nikikuongezea wewe, kesho kila mtu atakuja na bibi yake."

Nililiona jibu zuri. Hata darasani nililitumia. Yeye alisema sawa, akaenda kukaanga vitumbua vyake.

Kila asubuhi nilipita mlangoni kwao nikamwamkia bibi shikamoo, naye akaitikia marahaba. Sauti yake ilizidi kukauka. Nikadhani ni uzee.

Jumapili moja ya joto kali nilipita mchana nikamkuta yule dada ameketi kando ya kitanda, kikombe cha maji mkononi, anambembeleza mama yake. Bibi alikuwa amefumba mdomo kabisa. Nikauliza kama ana homa.

"Hana homa, mwalimu. Hataki kunywa. Anasema akinywa atalowesha mashuka, na maji ya kufulia hamna mpaka Jumanne."

Alisema hivyo kama mtu anayenieleza bei ya unga. Afadhali angenitukana.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue aweke wapi mikono. Nikarudi chumbani, nikabeba ndoo mbili zilizokuwa zimenibakia, nikazitua ndani kwao. Kisha nikapiga magoti kando ya kitanda, nikapokea kikombe.

"Kunywa, bibi. Maji yapo."

Bibi alikuwa haoni vizuri. Hakunijua. Akamgeukia binti yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu karuhusu?"